Docteur wa Inje ya Mulango

Docteur wetu hakuingia hata siku moja ndani ya chumba ya radio wakati mashini inawaka. Alikuwaka anasimama inje, kwenye koridori, bega moja kwenye ukuta, na anaamrisha kwa sauti ya mutu mwenye kujua: "Geuza mutoto! Shika kichwa! Shika muzuri, asicheze!" Na mwenye alikuwa anashika ni bwana yangu. Radio ninayosema si ile ya kusikiliza habari. Ni ile ya hospitali, yenye kupiga picha ya mifupa na ya mapafu. Bwana yangu njo alikuwa fundi yake, tangu ndevu zake nyeusi mpaka zikakuwa nyeupe. Leo bwana yangu iko chini ya udongo kule kwao Katana, kanseri ya figo imemukula, na Docteur anatembea. Basi nitasema vile nilimujua, na sitatia sukari. Kwake nilitaka kitu kimoja tu: aseme na kinywa yake mwenyewe kwamba alijua.

Alikuwa mwanaume muzuri, siwezi kudanganya. Pantalo yake ilikuwa na mukunjo mukali wa kukata nyanya. Mikono yake ilikuwa laini, mikono ya mutu mwenye hajaonana na jembe, na alikuwa anainawa kila saa, hata nyuma ya kusalimia watu. Kliniki yake iko Ibanda, hapa Bukavu, kwenye mutelemuko, na kama umelala kitandani unaona ziwa. Wamama wa Kabare walikuwa wanashuka na mizigo ya mihogo, wanafika pale na jasho, na yeye anawapokea na Mashi, lugha ya nyumbani: "Asinge, Maman!" Wanayeyuka wote. Docteur mwenye anajua Kifaransa cha wazungu anakusalimia sawa mutoto wa jirani! Wanamuachia na kuku.

Na niseme hii pia, juu nikiificha mutasema mimi ni muongo. Mutoto yangu wa mwisho, siku ya kuzaliwa, alitangulia na miguu. Niliona kifo, nilikiona hapa mbele ya macho. Docteur alivua koti, akatutoa sisi wawili wazima, na hakuomba hata kinywaji. Kama angekuwa mubaya siku zote, ningemuchukia bila kuchoka. Lakini huyu, kila mara nikianza kumulaani muzuri, ule mutoto anapita mbele yangu na miguu yake mirefu, anauliza bugali iko wapi.

Kwa mambo yote Docteur alikuwa na neno moja: "Ni kidogo tu." Mugonjwa wa sukari akiogopa, "ni kidogo tu, Maman." Mushahara ikichelewa, "ni kidogo tu, Papa, vumilia." Siku moja bwana yangu alimuuliza mbele ya mulango, kofia mukononi, juu alikuwaka anamuheshimu sana: "Docteur, ile mionzi ya mashini, yenye hatuoni, haiingie mwilini mwangu mimi mwenye kushika watoto kila siku?"

Docteur alicheka. "Ni kidogo tu, Papa. Jua ya kule Luberizi inakuchoma kupita ile."

Bwana yangu alirudi nyumbani na ile jibu sawa mutu amepewa dawa. Nilimuambia: "Kama ni kidogo, juu ya nini yeye anasimama inje?"

"Yeye ni docteur," akanijibu. "Docteur anasimama fasi anapenda."

Hamujui vile kazi ile ilikuwa. Mutoto wa miaka mbili hawezi kutulia chini ya mashini. Analia, anapiga miguu, na picha inakuwa ukungu mutupu. Lazima mutu amushike. Mama wa mutoto Docteur alimukataza: "Inje, Maman, pengine uko na mimba." Pale alikuwa na haki, na wamama walimushukuru. Lakini nani abaki ndani? Bwana yangu. Anashika, picha inapigwa; haikutoka muzuri, wanarudilia, anashika tena. Na wazee wenye kutetemeka, na wenye kuvunjika mugongo, wote kwa mikono yake. Mulango yenyewe ilikuwa ya mbao tu, sawa mulango ya jiko yangu.

Kulikuwa pia na ile kadude ya kuvaa kifuani. Kila fundi wa radio anapashwa kuvaa kadude kenye filme ndani. Inakusanya habari ya mionzi, kiisha inatumwa mbali isomwe, wajue mutu amepokea kiasi gani. Mwanzoni filme ilikuwemo. Kiisha Docteur akaacha kuagiza. Bwana yangu aliendelea kuvaa ile plastiki, tupu, hakuna kitu ndani! Alikuwa anaivaa mpaka misa, juu ya veste, sawa dekorasyo, medali ya serikali. Mimi njo nilikuwa naisafisha na sabuni. Ulikuwa unaona mutu anasalimia watu kwenye kanisa, na kifuani kwake kuna sanduku ya uongo inameremeta.

Sasa sikilizeni mambo ya tabliye.

Tabliye ni aproni nzito ya kaushu, ya mupira, yenye risasi ndani, ile madini nzito. Mionzi ikifika pale inazuiliwa. Kliniki ilikuwa na moja, wazungu wa misheni waliiacha, ya rangi ya majivu, pembeni imezungushwa kitambaa ya kijani. Bwana yangu alikuwaka anailalamikia uzito: "Leo nimevaa ngombe muzima." Ikapasuka kwenye bega, yeye mwenyewe akaishona na uzi mweusi. Kiisha siku moja haikuwako kwenye musumari yake. Docteur akasema: "Imezeeka, imepasuka, haina kazi tena. Mupya itakuja."

Na mimi, kazi yangu ni sambaza, vile visamaki vidogo vya ziwa. Asubuhi ninashuka kwenye beach, ninanunua kwa wavuvi, ninapanda Kadutu kuuzisha. Docteur alikuwa na chombo yake pale, zile pirogi tatu zenye kufungwa pamoja, na wavu mukubwa katikati. Sambaza zake zilikuwa nzuri, kubwa kubwa, na mimi nilikuwa mukiliya wake. Asubuhi moja walikuwa wameanika wavu. Naangalia chini yake, fasi yenye wavuvi wanafunga mawe ili wavu uzame, naona si mawe. Ni vipande vya kaushu, vimekatwa virefu, vimeviringwa na kufungwa na kamba. Rangi ya majivu. Na kitambaa ya kijani pembeni.

"Hii ni nini?" nikauliza.

"Ni uzito ya kizungu, Maman," muvuvi akanijibu na furaha. "Patron mwenyewe njo alitukatia. Inazama kupita mawe, na haipasue wavu!"

Nikaomba kipande kimoja. Niliifunga kwenye kikwembe, nikapanda nayo nyumbani, nikaiweka kwenye meza mbele ya bwana yangu. Akaigeuza. Akaikuta ile mushono yake, uzi mweusi, mushono ya mwanaume, inaenda huku na kule sawa mulevi.

Munajua alifanya nini? Alicheka. Alicheka mpaka akapanguza macho. "Kumbe sambaza njo wamevaa tabliye yangu! Juu ya ile tunawakula na mifupa yote, hakuna mutu anaweza kuwapiga picha!"

Mimi sikucheka. Nilimuambia: "Wewe uko mujinga, na mimi nimeolewa na mujinga." Akanishika mukono, akasema Docteur ameisha kuahidi mupya. Alikuwa mutu wa vile. Ungemukanyaga muguu, angekuomba radhi juu muguu yake ilikuwa pale. Na mwenye kumukanyaga alijua.

Mupya haikukuja. Samaki walivuliwa, Docteur akajenga nyumba ingine kwenye ncha ya udongo yenye kuingia ziwani, na bwana yangu akaendelea kushika watoto na koti ya kitambaa tu.

Damu ilikuja kwenye mukojo. Alinificha, wanaume wanafichaka. Niliijua siku nilifua nguo zake. Tukaenda kwenye hospitali ingine, kubwa, palepale Ibanda, na pale docteur kijana akamupitisha kwenye mashini ya echo, ile yenye kuona ndani ya tumbo, akarudilia fasi ileile mara mbili. Ndani ya figo kulikuwa na kitu, kikubwa sawa embe. Ilikuwa imeisha kutembea mpaka kwenye mapafu.

Nilimufuata ule kijana kwenye koridori. "Docteur mutoto, niambie bila kunibembeleza. Ile radio njo imemuua?"

Akakaa kwenye banki, kiti ndefu ya mbao, akanionesha nami nikae. "Maman, sitakudanganya. Mionzi kidogo kidogo, kwa miaka mingi, inaongeza riski ya kanseri. Hata ya figo. Lakini figo inaweza kupata kanseri pia juu ya tumbaku, juu ya tensio ya damu, ama bila sababu yenye tunaona. Kwa bwana yako, siwezi kuweka kidole na kusema ni hii."

"Hakuvuta tumbaku."

"Ndiyo, ameniambia."

"Basi?"

"Basi tunajua riski yake ilipanda, na tunajua kulikuwa namna ya kuipunguza. Tabliye inatengenezwa kwa ile kazi. Zaidi ya pale ningekuwa natunga."

Nilimuheshimu. Alinipa ukweli na mipaka yake. Na tangu ile siku sikusema tena "Docteur ameua bwana yangu," hata kama moyo ilisema. Nilisema: Docteur alikata tabliye. Ile hakuna mutu anaweza kuniambia ni riski. Niliishika mukononi.

Kwenye kilio Docteur alileta sanduku ya kuzikia, mbao nzuri, mishikio ya kumeremeta. Akasimama mbele ya watu, akasema "mutumishi mwaminifu", akalia. Machozi ya kweli, nilikuwa karibu, niliyaona yanaanguka kwenye kravati. Nyuma ya kuzika nilimuvuta mukono. "Docteur, ulijua?"

Akanishika mabega yote mawili, mbele ya familia, na sauti ya kuongea na mutu mwenye kichwa imeharibika: "Maman, uchungu inakuchanganya. Enda upumzike."

Pale njo alinifanya adui. Angeniambia tu "nyamaza", pengine ningenyamaza. Lakini alinifanya mwenda wazimu kwenye kaburi ya bwana yangu.

Sina silaha, sina avoka wa kunisemea, nilisoma mpaka darasa la ine tu. Lakini nina kinywa, na Kadutu iko na masikio. Mupishi wake alikuja kwenye meza yangu kununua samaki, nikamuambia mbele ya soko nzima: "Rudi umuambie patron sambaza zake ziko kwenye tabliye, akavue mwenyewe." Wamama wakacheka mpaka vikapu vikaanguka. Kwenye misa nilibadilisha fasi yangu, nikaanza kukaa nyuma yake, banki kwa banki. Padiri akisema tupeane salamu ya amani, Docteur anageuka, lazima anipe mukono. Nilimupa yangu, yenye harufu ya samaki, na nilikamua. Nilikamua mpaka pete yake ikamuingia. "Amani ya Kristu, Docteur." Na yeye anatabasamu, meno yamefungwa. Kila siku ya Mungu, kila misa!

Na niliomba. Hapa Bukavu udongo unatembea, mvua ikinyesha nyumba zinateremuka na watu wake. Niliomba Nyamuzinda, Mungu wetu, auteremushe ule mujengo wake mupya mpaka ndani ya maji, yeye akiwa inje, ili aone. Niliungama ile. Padiri akasema, "Maman, ile si maombi."

"Basi uipatie jina ingine, mon père," nikamuambia, "juu nitaendelea."

Nyumba haikuanguka. Lakini vingine viliteremuka. Madame wake alienda Ulaya kuona wajukuu na hakurudi. Mashini ya radio ikafa. Mafundi vijana wenye kutoka kwenye masomo wanafika pale, wanauliza tabliye iko wapi, wanaambiwa itakuja, wanageuka palepale mulangoni. Wagonjwa nao wakaanza kwenda fasi yenye radio. Alizeeka, pantalo ikapoteza mukunjo. Sitasema nilimuhurumia. Nilikuwa nahesabu kama mwenye shamba anaangalia mahindi yake ikipanda.

Sasa, mujukuu yangu Furaha. Mutoto wa mutoto yangu wa kwanza, nimemulea mimi na harufu ya samaki, na aliamua kusoma kazi ya babu yake! Nilimupigia makelele juma nzima. Akaniambia: "Koko, mimi sitaifanya sawa yeye. Nitaifanya sawa inapashwa." Alimaliza na distinction, jina yake ilisomwa mbele, na mimi nilipiga vigelegele mpaka mulinzi akaniomba nitoke. Muniache nijivune. Bukavu nzima inapashwa kujua kama huyu alitoka kwenye tumbo ya tumbo yangu.

Docteur akapata ile habari. Akatuma shofere: anataka kuja kuongea juu ya mutoto. Nikajibu: "Aje siku ya Mungu, mangaribi ikikaribia." Ile saa niliichagua mimi. Nyumba yangu ya Kadutu na ya jirani yangu Mama Nsimire zinagawanyika na mbao moja nyembamba. Nikikohoa, yeye ananiambia pole toka kitandani kwake. Na siku ile shirika yetu, wakristu wa avenue nzima, walikuwa wanasali kwake. Nilimuambia Mama Nsimire nitachelewa, nina mugeni, na nikamutaja mugeni. Akaniangalia. "Basi sisi tutaimba kwanza," akasema, "kiisha tutaingia kwenye maombi ya kimya."

Alipanda ngazi za Kadutu na fimbo, anahema. Shofere aliweka kikwembe mupya kwenye meza, na blouse nyeupe ya kazi, akatoka.

"Asinge, Maman."

"Asinge."

"Naona uko na nguvu."

"Ni hasira, Docteur. Inalisha."

Akacheka kidogo, akageukia Furaha mwenye kuleta chai. "Huyu njo mutoto wetu?"

"Huyu ni wangu," nikasema.

"Nimeagiza mashini mupya. Nataka akamate fasi ya babu yake. Itakuwa heshima kwa familia."

Furaha akaweka kikombe chini. "Docteur, tabliye ziko? Na ukuta ya risasi, fasi ya kusimama nyuma wakati napiga? Na kadude ya kifuani yenye filme?"

"Zitafuata mashini."

"Zinapashwa kutangulia."

Docteur akanigeukia mimi, anatafuta musaada. "Watoto wa leo wanauliza sana."

"Babu yake aliuliza mara moja tu," nikamujibu. "Tulimuzika."

Chai ikapoa. Kwa jirani wimbo iliisha, hata mutoto hakulia. Docteur akaegemea fimbo. "Maman, hakuna mutu hapa duniani anaweza kuhakikisha ile kanseri ilitoka kwangu."

"Ni kweli."

Alishangaa. Alikuwa amejitayarisha kwa mapigano ingine.

"Ni kweli kabisa," nikasema. "Kanseri nimeachia Mungu. Mimi nakuuliza tabliye. Siku ulichukua kisu ukaikata, ulijua kazi yake, ama haukujua?"

Akaangalia mulango, ilikuwa imefungwa. Akaangalia dirisha, pazia. Aliona tuko watatu tu. "Nikisema, mutoto atakuja?"

"Mutoto iko na kinywa yake. Lakini usiposema, chukua blouse yako, shuka mbele giza iingie."

Akasema kitu, chini chini, ndani ya shingo.

Masikio yangu ni mazima sawa ya paka. Nikamuambia: "Mimi nimezeeka, Docteur. Pandisha sauti."

"Nilijua!" akasema. Na ile neno ikavuta zingine, sawa kamba ya wavu. "Nilijifunza ile université, Maman, hata mwanafunzi wa mwaka ya kwanza anaijua. Nilijua juu ya nini sikuwa naingia. Tabliye ilikuwa imepasuka kwenye bega tu, mbele ilikuwa nzima, ingemusaidia miaka mingine mingi. Wavuvi walilalamika wavu hauzame. Nikaikata. Yeye hakulalamika, alicheka, na mimi nikajiambia kama anacheka, basi. Nilijua. Na kwenye kaburi, wakati uliniuliza, nilijua."

Alikuwa analia. Niliacha alie. Furaha alikunja ile blouse polepole, akaiweka juu ya magoti yake. "Aksanti kwa kusema, Docteur," akamuambia. "Mimi sitakuja."

Hapo kwa jirani banki ikalia. Mutu akakohoa, na mwingine. Docteur akainua kichwa, akaangalia ule ukuta wa mbao, na nikaona ameelewa.

"Docteur," sauti ya Mama Nsimire ikapita kwenye mbao, taratibu, na heshima yote, "tumesikia. Lakini ile ya wavu, kama unaweza kuirudilia. Sisi wenye kukaa huku nyuma hatukuisikia muzuri."

Nilimusogezea kiti karibu na ukuta.

"Jibu watu," nikamuambia.